Wanawake wa Alhamisi

Asubuhi ya Jumamosi, Bi Ozella Gaither alikuwa amepiga magoti mlangoni akisugua ngazi zake. Ngazi zenyewe ni za marumaru nyeupe, kama zilivyo za nyumba nyingi za Baltimore ya Magharibi, kule Marekani. Siku hizi wengi wameacha kuzisugua. Bi Ozella hakuacha. Umri wake umeshapita miaka themanini na magoti yanamsumbua, lakini kila Jumamosi anatoka na ndoo, brashi na unga wa kusugulia, na ole wake atakayepita na viatu vyenye tope.

"Mama, hebu niachie mimi," alisema binti yake, Charlene.

"Wewe unapapasa. Ngazi hazipapaswi."

Charlene akamsogezea ndoo. Yeye ni mpishi katika shule ya msingi, anapikia watoto mia kadhaa kila siku, lakini kwa mama yake bado hajui hata kusugua. Waliishi wanawake watatu katika nyumba ile: Bi Ozella, Charlene, na Nyree, binti wa Charlene, aliyekuwa na miaka kumi na miwili na ulimi mwepesi.

Kijana wa duka la dawa akafika na kifurushi. Akasoma karatasi iliyobandikwa juu yake.

"Ozella?"

"Unamtafuta nani?" aliuliza Bi Ozella, bila kuinua uso.

"Nina dawa za Ozella."

"Hapa hakuna Ozella wako. Hapa yupo Bi Gaither."

Kijana akamtazama Charlene kuomba msaada. Charlene akatazama ndoo. Aliijua vita hii tangu utotoni, na hakuna aliyewahi kuishinda. Hata daktari mkuu wa hospitali alishakubali yaishe.

"Nina dawa za Bi Gaither," kijana akasema.

"Hapo sawa, mwanangu. Mungu akuzidishie."

Kijana alipoondoka, akaja Shemasi Wardell Pinkett, kofia kichwani, futi ya kupimia mkononi. Alikuwa anaelekea kanisani, kwenye Kanisa la Kijito cha Kerithi lililo kona ya pili. Yeye alikuwa na adabu zake. Alivua kofia kabla ya kufungua kinywa.

"Bi Gaither, u hali gani? Charlene, habari za asubuhi? Nakwenda kupima ukuta. Nyumba ya Watoto tumeshaipaka rangi, sasa tunataka kuiwekea bamba la shaba pale mlangoni. Litazinduliwa Siku ya Wanawake ya kanisa."

Nyumba ya Watoto iko ubavuni mwa kanisa. Ni pale watoto wadogo wanapoachwa wazazi wao wanapokwenda kazini. Charlene alilelewa pale. Nyree pia.

"Litaandikwa nini?" aliuliza Charlene.

Shemasi akanyoosha mgongo. "Nyumba hii ilianzishwa na Mchungaji Asbury Pinkett, mtumishi wa Mungu na baba wa mtaa." Mchungaji Asbury alikuwa babu yake, na ilionekana wazi kuwa maneno yale alikuwa ameyarudia mara nyingi mbele ya kioo.

"Ni maneno mazuri," alisema Charlene.

Bi Ozella alichovya brashi kwenye ndoo. Aliendelea kusugua. Shemasi alipokata kona tu, akasema kwa sauti ya chini, "Asbury Pinkett hajawahi kumbadilisha mtoto nepi hata siku moja."

"Unasemaje, Mama?"

"Nasema maji yamechafuka. Niletee mengine."

Charlene si mtu wa kuambiwa neno kama hilo kisha akalisahau. Jioni, walipokuwa wanakula samaki wa kukaanga na mkate, akalirudia.

"Kama si Mchungaji Pinkett, Nyumba ya Watoto aliianzisha nani?"

"Wanawake wa Alhamisi."

"Ndio akina nani hao?"

"Wamekufa. Kula samaki."

"Mama."

"Mama yangu alikuwa mmoja wao. Basi. Samaki anapoa."

Nyree akaweka mkate chini. "Mbona shuleni hatujawahi kuwasikia? Kila Februari, mwezi wa historia ya watu weusi, tunafundishwa wanawake wale wale wawili. Mwaka jana wale wale. Mwaka juzi wale wale. Mimi nikadhani jiji zima lilikuwa na wanawake weusi wawili."

Charlene alicheka, lakini maneno yale yalimchoma. Alimfahamu bibi yake, Hessie Stancil, kwa picha moja tu iliyotundikwa ukutani: wanawake sita wamesimama mbele ya ngazi nyeupe, wamevaa kofia zao nzuri, hakuna anayetabasamu. Chini ya picha hapakuwa na neno lolote. Mwaka baada ya mwaka amepangusa vumbi kwenye kioo chake, na hakuwahi kuuliza wale wengine watano ni akina nani. Aliona aibu, na aibu ikageuka kuwa hasira, na hasira ya Charlene huwa haikai bure.

Kesho yake alimfuata Shemasi baada ya ibada.

"Bamba lako lina kasoro," alimwambia. "Nyumba ile ilianzishwa na wanawake."

Shemasi hakukasirika. "Wanawake gani?"

"Wanawake wa Alhamisi."

"Charlene, shaba haiandikwi 'wanawake fulani'. Niletee majina. Niletee na ushahidi, maana baraza la kanisa litaniuliza. Fundi anaanza kuchonga mwisho wa mwezi. Akishachonga, amechonga."

"Utayapata," alisema Charlene. Alisema hivyo huku akijua hana hata jina moja zaidi ya la bibi yake.

Alikwenda maktaba kuu ya jiji akatafuta Hessie Stancil. Hakupata kitu. Ni kama vile mwanamke yule hakuwahi kupita duniani. Akarudi nyumbani, akaandika maswali yake kwenye karatasi, akamketisha mama yake mezani, akaweka simu katikati yao, akaiwasha.

"Mama, tafadhali eleza mchango wa wanawake weusi katika historia ya jiji letu."

Bi Ozella aliitazama simu. Akamtazama binti yake. "Mchango? Mchango wangu natoa kila Jumapili. Muulize mtunza hazina."

"Namaanisha historia yako."

"Mimi sina historia. Mimi nilikuwa natengeneza nywele za watu."

"Basi waliomo kwenye picha ni akina nani?"

"Ni wake za watu, wenye heshima zao. Zima kidude chako."

Mazungumzo yakaishia hapo. Charlene alijaribu tena siku ya pili, akaambiwa amwache mtu apumzike. Na wakati wote huo alikuwa akiona jambo jingine ambalo hakutaka kuliona. Mama yake alianza kusahau. Wiki ile alikuwa ameweka chumvi kwenye friji. Alimwita Nyree kwa jina la dada yake mwenyewe aliyekufa zamani. Charlene aliogopa. Wanawake wale sita walikuwa wamebaki mahali pamoja tu duniani, kichwani mwa mama yake, na mlango wa kichwa kile ulikuwa unaanza kujifunga taratibu.

Jirani wa ng'ambo ya barabara anaitwa Bi Bernadine Coates. Alifanya kazi chumba cha historia cha maktaba mpaka akastaafu. Jioni ile alikuwa ameketi kwenye ngazi zake akila barafu yenye sharubati. Charlene akavuka barabara, akajitupa pembeni yake, akamweleza yote.

"Ulimuuliza nini hasa?"

Charlene akamsomea swali la kwanza. Bi Bernadine alicheka mpaka barafu ikamwagika mapajani.

"Ungeniuliza mimi hivyo, hata mimi ningekufukuza. Sikiliza, mwenzangu. Mtu haoni kuwa ana historia. Anachoona ni siku zake. Muulize siku. Alhamisi mlikula nini? Nani aligonga mlango kwanza? Jikoni kulinuka nini? Historia itakuja yenyewe nyuma ya supu."

"Hataki kabisa kuongea."

"Mikono yake ilikuwa wapi ulipomuuliza?"

Charlene akafikiri. "Juu ya meza."

"Imekaa bure. Mama yako amekuwa msusi maisha yake yote. Mimi nimekaa kwenye kiti chake. Akishashika kichwa cha mtu, anasema mpaka ya mwaka alipozaliwa. Wewe umempa simu. Mpe kichwa."

Charlene akaanza kucheka naye.

"Lakini kwanza muombe ruhusa ya kumrekodi," Bi Bernadine akaendelea. "Mwambie wazi utaipeleka wapi sauti yake. Usimnyatie kama mwizi. Akianza, usimkatize. Akinyamaza, nyamaza na wewe, maana huenda anakwenda kulichukua jambo mbali. Na usimtilie maneno mdomoni. Sasa hebu nioneshe picha."

Charlene alikuwa nayo mkobani, imeshatolewa kwenye kioo. Alikuwa na kalamu ya wino mzito pia, tayari kuandika nyuma yake "Hessie". Bi Bernadine akainyakua kalamu ile.

"Unataka kuiua? Wino unapenya, baadaye utatokea usoni kwa bibi yako. Penseli laini. Andika pembeni, kidogo, bila kukandamiza. Na uishike kwa kingo, mikono ikiwa safi." Akaitazama picha kwa muda. "Na maktaba ulimtafuta nani?"

"Hessie Stancil."

"Mumewe aliitwa nani?"

"Linwood."

"Basi twende tukamtafute Bi Linwood Stancil."

Charlene hakuelewa, lakini alikwenda. Walikaa mbele ya mashine inayoonesha magazeti ya zamani, yale ya watu weusi wa jiji, ukurasa kwa ukurasa, mpaka macho yakauma. Mwisho wakampata. Habari yenyewe ilikuwa fupi, chini kabisa ya ukurasa, karibu na tangazo la sabuni. Ilisema kuwa Bi Linwood Stancil aliwakaribisha nyumbani kwake wenzake wa Alhamisi, na kwamba watoto wa wafanyakazi wa majumbani wanatunzwa pale na kupewa supu. Kisha wakatajwa: Bi Asbury Pinkett, Bi Purnell Dashiell, na wengine watatu.

"Tazama tarehe," alisema Bi Bernadine. "Asbury Pinkett wakati huo hakuwa mchungaji. Alikuwa anapakua mizigo bandarini. Ushahidi wa Shemasi ndio huu."

Charlene alifurahi, kisha furaha ikamwishia. "Linwood. Asbury. Purnell. Bi Bernadine, hapa pana wanawake sita na majina yote ni ya wanaume."

"Ndivyo tulivyopotea. Majina yao anayo mama yako."

Jumapili baada ya chakula, Charlene alimwita Nyree jikoni. Nyree alikuwa na nywele nyingi na hapendi kuchanwa, lakini alikuwa ameshaelezwa kazi iliyopo. Akaketi sakafuni, katikati ya magoti ya bibi yake, akauma meno.

"Mama," alisema Charlene, "nataka kukurekodi ukimsuka Nyree. Nataka kuwasikia Wanawake wa Alhamisi. Sauti yako nitampelekea Shemasi, na nakala nitaipeleka maktaba ikae huko. Ukikataa, naacha."

Bi Ozella alichovya kidole kwenye mafuta ya nywele. "Kama ni kwa ajili ya kumnyamazisha huyo Pinkett mdogo, washa."

Chanuo likapita. Nyree akaguna.

"Kaa wima. Ukitikisa kichwa nitakusuka mpaka sikio."

"Bibi, Alhamisi mlikuwa mnakula nini?"

Mikono ya Bi Ozella ilikuwa imeshaanza kugawa nywele. "Supu ya maharage. Na shingo za kuku, kama Bi Vashti amepata." Akatulia. Charlene alitaka kuuliza Bi Vashti ni nani. Akajiuma ulimi.

"Wanawake wetu walikuwa wanapika na kufua kwenye majumba ya wazungu," Bi Ozella akaendelea. "Wengine walilala huko huko. Siku ya mapumziko ilikuwa moja, Alhamisi mchana. Basi Alhamisi ndiyo wanakuja kwa mama yangu kutengeneza nywele. Vyuma vya kuchania viko juu ya jiko, vinapata moto, jiko zima linanuka nywele na maharage. Mimi kazi yangu kushika watoto. Nilikuwa kama wewe, ila mimi nilikuwa natulia."

"Ninatulia."

"Unatulia kama panya. Sasa, watoto wao siku nyingine walibaki na nani? Na hakuna mtu. Walifungiwa ndani na kipande cha mkate. Mama analea mtoto wa mzungu, wake yuko peke yake. Kuna siku mtoto mmoja mdogo aliungua kwenye jiko akiwa peke yake. Hakufa, lakini mkono haukunyooka tena. Alhamisi iliyofuata mama yake alikuja, akakaa kwenye kiti, hakusema neno. Mama yangu akashusha chuma jikoni, akasema, hili halitatokea tena. Kesho yake watoto wote wakaletwa kwetu. Mama alibaki nao huku akifua. Wengine walileta kila walichoweza. Walianza jikoni kwetu. Baadaye sana ndipo Pinkett akawa mchungaji, akawapa chumba cha kanisa."

Charlene akauliza taratibu, "Waliitwa nani, Mama?"

"Bi Linwood Stancil. Bi Asbury Pinkett. Bi Purnell Dashiell."

"Majina yao wenyewe."

Mikono ikasimama. Charlene akahisi ameharibu. Alikumbuka maneno ya Bi Bernadine, akanyamaza. Hata Nyree hakutikisika.

"Mama alinipeleka mjini kununua kofia," alisema Bi Ozella. "Kofia ya Pasaka. Wakati ule mwanamke mweusi haruhusiwi kuijaribu kichwani. Unaonesha kwa kidole, unalipa, unaondoka. Mama akaonesha. Yule muuzaji, msichana mdogo tu, akachukua karatasi ya kuandikia. Jina lako nani? Mama akasema, Bi Linwood Stancil. Yule msichana akasema, sikukuuliza hilo, nakuuliza unaitwa nani. Mama akasema, na mimi nimekujibu. Kwa sababu angempa Hessie, yule mtoto angemwita Hessie mbele ya watu wote. Hessie hiki, Hessie kile, kama anamwita paka. Hatukupata kofia. Tulirudi kwa miguu na mama hakulia. Wote walikuwa hivyo. Jina la mwanamke halikutolewa hovyo. Lilikuwa ndicho kitu pekee ambacho hawakuweza kumnyang'anya."

Nyree aligeuza kichwa, na safari hii hakukemewa. "Bibi, walificha majina yao ili wasidharauliwe?"

"Hawakuyaficha. Waliyatunza."

"Na wajukuu zao waliwaambia?"

Bi Ozella alichovya kidole kwenye mafuta. Akashika tena nywele, akasuka msuko mmoja mpaka mwisho.

"Nadhani hawakuwaambia," alisema. "Walidhani tutajua tu. Na mimi nimebaki peke yangu na sikumwambia mtu. Ee Mungu wangu."

Charlene akamwekea mkono begani, na macho yake mwenyewe yakajaa machozi. Bi Ozella akapangusa uso kwa kiwiko, maana vidole vilikuwa na mafuta.

"Nitayasema. Ila nina sharti. Hakuna jina hata moja litakaloandikwa bila Bi mbele yake. Si kwenye shaba, si kwenye karatasi, si mdomoni kwa mtoto. Mkikubali, andikeni. Mkikataa, nakufa nayo."

"Tumekubali," alisema Charlene.

Basi akayasema, mmoja mmoja, huku misuko ikishuka. Bi Hessie Stancil, mama yake. Bi Vashti Dashiell, aliyekuwa anatoa shingo za kuku kwenye majumba ya watu ndani ya bitana ya koti. Bi Lovie Handy, mama wa yule mtoto aliyeungua. Bi Mozelle Tunnell, ambaye peke yake alijua kusoma, akawafundisha wenzake kwa maandishi ya makopo ya nyanya. Bi Corrine Waters, aliyetembea kutoka upande wa pili wa jiji kwa sababu basi lilimdharau. Na Bi Arneda Pinkett, aliyeshika pini za nywele mdomoni akiimba bila kufungua midomo, na kidole gumba chake cha kushoto kiliungua kwa chuma mpaka ngozi ikawa ngumu kama ganda.

Nyuma ya picha, Charlene akaandika majina yote kwa penseli, pembeni, bila kukandamiza.

Siku mbili baadaye, Charlene na Bi Bernadine waliingia ofisini kwa Shemasi. Walimwekea nakala ya gazeti mezani. Akaisoma, akavua miwani.

"Nakubali kuna wanawake," alisema. "Lakini hapa naona majina ya waume zao. Naona na la babu yangu. Baraza litasema ni hadithi za mama yako, na mama yako, samahani, ameanza kuzeeka kichwani."

Neno lile lilimkata Charlene maini. Hata hivyo hakupandisha sauti.

"Shemasi, bibi yako aliitwa nani?"

"Bi Asbury Pinkett."

"Hilo ni jina la babu yako."

Shemasi alitazama dirishani, akatazama kofia yake. Mtu anayejua mahubiri ya babu yake kwa moyo alikuwa ametafuta jina la bibi yake na hakulipata.

"Sisi tulimwita Mama tu," alisema mwishowe. "Kila mtu alimwita Mama Pinkett."

Charlene akabonyeza simu. Sauti ya Bi Ozella ikajaa chumba, pamoja na mlio wa chanuo na miguno ya Nyree. Ilipofika kwenye kidole gumba, Shemasi alikishika kidole gumba chake cha kushoto kwa mkono wa kulia.

"Alikuwa ananipapasa shavu kwa kidole kile," alisema. "Kilikuwa kinakwaruza. Nilikuwa namkwepa. Sikuwahi kumuuliza kwa nini kiko vile." Alilia palepale, mtu mzima, bila kujificha. Kisha akasema, "Arneda."

"Bi Arneda," alisema Bi Bernadine. "Kuna sharti."

"Bi Arneda." Akalirudia tena. "Na babu yangu nimwondoe?"

"Kwa nini umwondoe?" alisema Charlene. "Aliwapa chumba. Mwandike hivyo hivyo alivyofanya. Ila mweke mwisho, maana ndipo alipofika."

Shemasi akacheka katikati ya machozi. Jioni ile ile alimpigia fundi, na baraza akaliambia mwenyewe.

Siku ya Wanawake kanisa lilijaa mavazi meupe, kofia kwa kofia. Kitambaa kikaondolewa, na Shemasi akasoma mwenyewe: Nyumba hii ilianzishwa na Wanawake wa Alhamisi. Akasoma majina sita, na kila jina lilitanguliwa na Bi. Mstari wa mwisho ulisema, Mchungaji Asbury Pinkett aliwapa paa. Watu wazima walianza kuinuka kwenye viti, wenye mvi na mikongojo, waliolishwa supu ile wakiwa watoto. Hawakuwa wameombwa wasimame.

Tangu hapo mambo yamebadilika mtaani. Watu wanaleta picha zao kwa Bi Bernadine, wakizishika kwa kingo. Sauti ya Bi Ozella iko maktaba, na shule ya Nyree inaisikiliza mwezi wowote, si Februari peke yake. Anayekuja kuhoji mzee wake haji tena na karatasi ya maswali. Anakuja na nywele za kusuka, au maharage ya kuchambua, au kitambaa cha kushona, anaomba ruhusa, kisha anakaa kimya.

Bi Ozella bado anasahau. Mwezi huu aliweka ufunguo kwenye sufuria. Lakini kila Alhamisi Charlene anampeleka Nyumba ya Watoto, mama yake anakaa kwenye kiti chake, na watoto wanakaa sakafuni mbele yake wakingoja zamu ya kuchanwa.

Alhamisi iliyopita alikuwapo mtoto mgeni, wa miaka minne hivi, anaitwa Joi. Aliketi katikati ya magoti ya Bi Ozella, akainua uso kumtazama.

"Jina lako nani?"

Charlene alikuwa mlangoni na koti mkononi. Akasimama. Alijua jibu, amelisikia maisha yake yote, amelisikia likipewa madaktari na vijana wa dawa. Mama yake akaweka chanuo chini. Akamtazama mtoto yule.

"Ozella," alisema.

Mtoto akakunja uso. Alitikisa kichwa, kama mtu anayemwona mkubwa amekosea jambo dogo ambalo kila mtu pale ndani analijua.

"Bi Ozella," akamsahihisha, kisha akageuka achanwe.